Pafu Moja, Miaka 30

Hapa kambini, magharibi mwa Uganda, nasimamia vijana wa mpira kila Jumamosi. Mwaka jana kijana wetu mmoja wa miaka 19 alirudi kutoka hospitali bila pafu la kushoto. Kifua kikuu kilikuwa kimeliharibu lote. Akaniuliza: "Yaya, pafu moja inatosha?" Sikuwa na jibu. Nikamwambia akae chini ya mwembe ahesabu magoli. Nilijiambia ni huruma. Kumbe ulikuwa woga wangu.

Swali lake si jipya. Mwaka 1931, kule Berlin, daktari Rudolf Nissen alitoa pafu zima la msichana mdogo na akapona. Miaka 2 baadaye, tarehe 5 Aprili 1933, daktari Evarts Graham wa St. Louis, Marekani, alimpasua mgonjwa wa miaka 48 mwenye saratani. Mgonjwa huyo, James Gilmore, naye alikuwa daktari, wa kuzalisha akina mama. Graham alitaka kutoa kipande tu, lakini alipofungua kifua akaona haitoshi. Basi akabana mzizi wa pafu kwa muda, akatazama kama moyo utashindwa. Moyo haukushindwa. Akaondoa pafu zima.

Kwa nini haukushindwa? Moyo ni kama pampu 2 zilizoshikana. Ya kushoto inapeleka damu mwilini, ya kulia inaipeleka mapafuni tu. Mtu mzima akiwa ametulia, zinapita kama lita 5 kila dakika. Pafu moja likitoka, lita zote hizo zinapita kwenye lile lililobaki. Halipasuki, maana mtu akitulia mishipa mingi midogo ya mapafu huwa haina kazi kubwa. Damu ikiongezeka, mishipa hiyo inafunguka na kutanuka, kwa hiyo presha haipandi sana. Ila sasa akiba imeshatumika. Mtu akikimbia, presha ya mapafuni inapanda, upande wa kulia wa moyo unabeba mzigo, na pumzi inakata mapema.

Graham aliogopa pia ule uwazi uliobaki kifuani. Akaondoa mbavu kadhaa ili ukuta wa kifua uingie ndani na kuuziba. Baadaye madaktari waligundua kwamba kwa kawaida mwili unajaza wenyewe. Majimaji yanaingia polepole, kwa wiki na miezi. Msuli wa chini ya mapafu unapanda. Moyo wenyewe unahamia upande uliokatwa, na pafu lililobaki linatanuka kuufuata.

Gilmore alirudi kazini kwake. Graham, aliyevuta sigara miaka mingi, alikufa kwa saratani ya mapafu mwaka 1957. Mgonjwa wake alikuwa bado hai. Gilmore alifariki 1963, miaka 30 baada ya kupasuliwa.

Niliposoma hayo nilimwendea kijana wetu, nikamwomba msamaha, halafu nikamsindikiza kwa daktari wake. Daktari akashangaa. Alisema mazoezi alishayaruhusu tangu mwanzo, mradi ayaanze taratibu: atembee, apumzike, aongeze kidogo, na akisikia kizunguzungu au maumivu ya kifua, asimame. Kijana alijua. Ni mimi niliyemkalisha bila kuuliza mtu.

Wapo kati yetu waliokatwa pafu, kwa kifua kikuu au kwa risasi. Si wote watapona sawa, na wengine moyo wao umechoka kweli. Tusiwaamulie sisi. Twende nao kwa daktari, tuulize, tusikilize.

Mpira bado hachezi. Anazunguka uwanja kwa miguu. Alianza na raundi 1, akarudi amekaa dakika nyingi bila kusema neno. Jumamosi iliyopita alifika 5. Magoli siku hizi anahesabu mtu mwingine, na anakosea sana.