Kugeuzwa jiwe (fantasia)

Kugeuzwa jiwe ni tukio la kubuni ambapo kiumbe hai, kwa uchawi, laana, pumzi au kutazamwa tu, hubadilika mwili mzima kuwa mwamba na kubaki na umbo alilokuwa nalo dakika ile. Aliyepatwa hazikwi wala haozi. Yupo au hayupo? Swali hilo hujibiwa na dawa: pasipo na dawa, jiwe ni kifo, ikiwapo, jiwe ni ugonjwa.

Wagiriki wa kale walichagua kifo. Perseus alimkata kichwa Medusa, Gorgoni aliyewageuza jiwe waliomtazama, huku akimwangalia kwenye ngao inayong'aa kama kioo, kisha akakitumia kichwa kama silaha. Mfalme Polydectes wa kisiwa cha Seriphos aligeuka jiwe, na hakuna aliyemrudisha. Niobe, aliyefiwa na wanawe wote, akawa mwamba unaotiririka machozi. Mwamba unaohusishwa naye huonyeshwa hadi leo katika mlima Spil, karibu na Manisa nchini Uturuki. Mke wa Lutu, katika kitabu cha Mwanzo, ni jamaa wa karibu wa hawa, ingawa yeye alikuwa nguzo ya chumvi.

Alfu Lela Ulela ina mtazamo mwingine. Katika kisa cha mvuvi na jini yumo kijana mfalme aliyegeuzwa jiwe na mkewe mchawi, kuanzia kiunoni kushuka chini, huku juu akibaki mtu anayelia na kusema. Mke anahadaiwa hadi anamfungua mwenyewe. Michezo ya leo imefuata njia hii zaidi kuliko ya Kigiriki.

Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani uliotolewa Marekani mwaka 1974, uliipa hatari ya kugeuka jiwe safu yake katika jedwali la kete za kujiokoa, kando ya sumu na pumzi ya joka. Viumbe wake wanaogeuza watu jiwe ni pamoja na Medusa, basiliski na kokatrisi, mwenye kichwa cha jogoo na mkia wa nyoka. "Gorgoni" wa mchezo huo ni fahali mwenye magamba ya chuma. Jina hilo huwatatiza waliosoma visasili, lakini mnyama huyo ana asili katika kitabu cha wanyama cha Edward Topsell cha mwaka 1607.

Hakuna mchezo ulioichukua hatari hii kwa uzito kama NetHack (1987). Kumgusa kokatrisi kwa mkono mtupu ni kufa papo hapo. Mlio wake unaweza kuanzisha ugumu unaopanda polepole, na mchezaji ana zamu chache tu za kujiokoa. Wazoefu hubeba mzoga wa mjusi, ambao humo hauozi, wakaula wakati huo. Aliyevaa glavu anaweza kuushika mzoga wa kokatrisi wenyewe na kuwapiga nao maadui wakawa sanamu. Lakini akitumbukia shimoni akiwa ameushika, huuangukia na kuwa sanamu yeye. Ukatili wa aina hiyo unachekesha, na una haki yake.

Katika mfululizo wa Final Fantasy, kinyume chake, jiwe ni maradhi ya kawaida yanayotibiwa kwa kitu cha kununua dukani, mara nyingi sindano ya dhahabu. Bei hiyo ndogo ndiyo inayotia uzito kisa cha Final Fantasy IV (1991): mapacha Palom na Porom, watoto wachawi, wanajigeuza jiwe kwa hiari ili kuzizuia kuta zisiwaponde wenzao. Tiba inajaribiwa inashindwa, kwa kuwa waliyataka wenyewe.

Matumizi bora zaidi ya wazo hili yamo katika Dragon Quest V (1992), kwa sababu hapo jiwe haliui wala halitibiwi upesi: linakula muda. Shujaa anageuzwa jiwe pamoja na mkewe, anauzwa, na tajiri mmoja anamsimamisha uani kama pambo. Misimu inapita mbele yake. Mtoto wa nyumba ile anatekwa, na baba kwa hasira anaipiga sanamu. Baada ya miaka 8 anafunguliwa na watoto wake mwenyewe, aliowaacha wachanga. Mkewe haonekani mpaka sehemu za mwisho za mchezo.