Mji wa Mimba Chali

Mama mjamzito wa Voi anayetoka kupigwa picha ya tumbo katika wiki ya nane, akaambiwa kwamba kizazi chake "kimegeuka", amepewa habari isiyo yake. Wapo wanaistilahi wanaoitetea fasiri hiyo ya neno la kitabibu retroverted kwa ukali usiolingana na hoja zao. Wanategemea Kilatini: retro ni nyuma, vertere ni kugeuza, basi yamekwisha. Hayajaisha. Kitu kikigeuka, Mswahili huelewa kwamba kilikuwa na mkao wake kikauacha. Na kikipinduka, mambo yameharibika. Mji huu wa mimba haukuacha mkao wowote. Kwa takriban mwanamke mmoja kati ya watano umelala kuelekea mgongoni, na kwa wengi wao ndiyo maumbile yao.

Kiswahili kina jozi kamili ya maneno ya mlalo. Kifudifudi, ndugu wa kitenzi fudikiza, ni kulala uso chini, na ndivyo mji wa mimba ulivyo kwa wanawake wengi, umekiinamia kibofu. Kinyume chake ni chali. Kwa hiyo nasema mji wa mimba chali, na sioni kamati gani ingekosa neno hili kama ingeanza na lugha badala ya kuanza na kamusi ya Kilatini. Watasema chali kwa vijana wa Kenya ni mvulana. Ni kweli, lakini hilo ni nomino, na hakuna atakayedhani mji wa mimba una mchumba. Anayeona haya atumie kingalingali, neno la pwani lenye maana ileile. Pingamizi zito zaidi ni kwamba kumbukumbu za hospitali huandikwa kwa Kiingereza, hivyo Kiswahili hakibadilishi msimbo wa ugonjwa. Lakini mama huyo akihamia Wundanyi au Taveta, historia yake huisimulia kwa mdomo, na muuguzi huandika alichosikia. Katika toleo la 10 la uainishaji wa kimataifa wa magonjwa, mlalo huu wakati wa ujauzito ni O34.5, na nje ya ujauzito ni N85.4. Mji wa mimba uliopinduka, ndani ukawa nje, ni N85.5, na ukipinduka baada ya kujifungua ni O71.2, dharura inayoweza kuua kwa kutoka damu. "Kimegeuka" halitenganishi haya. Chali hutenganisha.

Mfano wa matumizi: mji wa mimba chali kwa kawaida huinuka wenyewe kutoka kwenye nyonga kati ya wiki ya 12 na ya 14, bila dawa. Mara chache sana hukwama humo, na mama akishindwa kukojoa aende hospitali siku hiyohiyo, awekewe mpira wa mkojo.