Uvimbe wa Ndani ya Ugwe wa Mgongo na Upasuaji Wake

Upasuaji wa uvimbe wa ndani ya ugwe wa mgongo ni kazi ya kuupasua ugwe wenyewe, wala si kuufunua tu, ili kuutoa uvimbe uliomea katikati ya nyuzi zichukuazo amri kutoka ubongoni na hisia kutoka viungoni. Lugha yetu, kwa kuwa imezoea kuuita mfupa na kilichomo ndani yake kwa jina moja la uti wa mgongo, huificha tofauti ya mfupa na ugwe. Ilhali ugwe ni kamba laini ya sentimita 45 hivi, isiyozidi sana unene wa kidole cha mwisho, nayo hukoma kwa mtu mzima kwenye pingili za juu za kiuno.

Uvimbe wa aina hii ni nadra. Kwa watu wazima aghalabu huwa ependimoma, yenye mpaka dhahiri, ambayo mpasuaji stadi aweza kuimenya yote; kwa watoto huwa astrositoma, ambayo hujipenyeza katika nyama ya ugwe hata ikawa busara kuacha masalio kuliko kumpoozesha mgonjwa.

Mwaka 1887, mjini London, Victor Horsley alitoa uvimbe uliokuwa ukiubana ugwe kwa nje. Kuingia ndani kwa mafanikio kulingoja hadi 1907, alipofanya hivyo Anton von Eiselsberg wa Vienna. Charles Elsberg wa New York akaeleza mwaka 1911 hila ya ajabu: aliuchanja ugwe, akauona uvimbe ukianza kujisukuma nje wenyewe, naye, badala ya kuuvuta, akafunga jeraha na kusubiri siku kadhaa, kisha akarudi kuutwaa uliokwisha kujitokeza. Siku hizi hadubini, chombo cha kuvunja na kufyonza uvimbe kwa mawimbi ya sauti, na vipimo vya umeme vinavyoeleza hali ya nyuzi wakati mgonjwa yu katika nusukaputi, vimeiondoa haja ya subira ile.

Katika Nakuru na Bonde la Ufa la kati, shida huanza kabla ya kisu. Mkulima wa Molo au Subukia alemewaye na miguu hudhaniwa, na si bila sababu, kuwa na kifua kikuu cha mgongo. Lakini maradhi hayo hula pingili, na athari yake aghalabu huonekana katika eksirei, ilhali uvimbe wa ndani waweza kuiacha mifupa salama kabisa. Kwa hiyo eksirei safi kwa mtu ambaye miguu yake inazidi kufa ganzi haifai kumtuliza tabibu; yapasa iwe hoja ya kutaka picha ya MRI. Hospitali kubwa za rufaa ziko Nairobi, kwenye Kenyatta, kilomita 160 hivi, na Eldoret, kwenye Moi, karibu mwendo huohuo upande wa pili. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha wapasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu mwaka 2006. Lakini matokeo hutegemea hali ya mgonjwa afikapo: afikaye akitembea hutarajiwa kuondoka akitembea. Aliyekwisha kupooza hurudishiwa kidogo mno.

Hata aliyepona vema, kwa kuwa ugwe huchanjwa mgongoni pake, penye nyuzi za kumjulisha mtu miguu yake ilipo, huenda akatembea barabara mchana kwa kuzitazama nyayo zake, kisha akayumba usiku taa izimikapo.