Uanachama wa maghala ya Marekani: Ni lini ada hulipa, na ni lini hupotea

Kuna maduka nchini Marekani ambako mteja hutoa fedha kabla hajatia kitu chochote katika toroli. Hulipa ada ya mwaka na kupewa kadi, na kadi hiyo ndiyo huonyeshwa mlangoni kila anaporudi. Ndani, bidhaa hupangwa katoni juu ya katoni hadi karibu na dari, na bei zake mara nyingi huwa chini ya zile za maduka ya kawaida. Swali linalowakabili wengi wanaohamia nchini humo, wakiwemo wazungumzaji wa Kiswahili kutoka Afrika Mashariki na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ni jepesi kuuliza lakini si jepesi kujibu: je, punguzo hilo hurudisha ada iliyotolewa?

Kwa familia hizo jambo hili lina uzito wa pekee. Wengi wao wamekulia katika desturi ya kununua kwa jumla: gunia la mchele, dumu la mafuta, katoni ya sabuni. Lakini anayekwenda Kariakoo, Dar es Salaam, kununua kwa jumla hatozwi kiingilio. Tena, kila dola inayopotea dukani ni dola isiyofika kwa wazazi na wadogo waliobaki nyumbani wakingoja karo au fedha za matibabu.

Biashara hii ilivyoanza

Mwaka 1976, mfanyabiashara Sol Price pamoja na mwanawe Robert walifungua Price Club mjini San Diego, California, katika jengo lililokuwa banda la ndege. Wateja wa mwanzo walikuwa wafanyabiashara wadogo waliotaka bei ya jumla bila kupitia kwa madalali. Mwaka 1983 James Sinegal, aliyepata kufanya kazi chini ya Price, alishirikiana na Jeffrey Brotman kufungua Costco mjini Seattle. Mwaka huohuo Sam Walton, mwasisi wa Walmart, alifungua duka la kwanza la Sam's Club huko Midwest City, Oklahoma. BJ's Wholesale Club ilifuata mwaka 1984 katika jimbo la Massachusetts. Price Club na Costco ziliungana mwaka 1993, na leo Costco ina maghala zaidi ya 600 ndani ya Marekani.

Ada hazifanani. Costco ilipandisha ada yake ya kawaida kutoka dola 60 hadi dola 65 kwa mwaka kuanzia Septemba 2024, na ile ya daraja la juu kutoka dola 120 hadi 130. Sam's Club ilipandisha zake mwaka 2022 hadi dola 50 na 110. BJ's nayo ilifikisha dola 60 na 120 mwanzoni mwa 2025. Kadi ya kawaida ya Costco huambatana na kadi ya pili, isiyolipiwa, kwa mtu mwingine mmoja anayeishi katika nyumba hiyohiyo.

Kwa nini bei huwa chini

Duka la kawaida hupata faida yake kwa kuongeza bei juu ya ile liliyonunulia. Ghala la wanachama hufanya hivyo pia, ila kwa kiasi kidogo. Costco imejulikana kwa muda mrefu kwa kanuni ya kutoongeza zaidi ya takribani asilimia 14 juu ya bei ya kununulia, na asilimia 15 kwa bidhaa zenye nembo yake ya Kirkland Signature. Sehemu kubwa ya faida hutoka kwenye ada. Katika mwaka wa fedha wa 2024, Costco ilikusanya ada za takribani dola bilioni 4.8, ilhali faida yake halisi ilikuwa takribani dola bilioni 7.4.

Sababu ya pili ni uchache wa bidhaa. Ghala moja la Costco huwa na aina zisizozidi 4,000 hivi, wakati duka kubwa la vyakula huweza kuwa na makumi ya maelfu. Kampuni inayonunua aina chache kwa wingi mkubwa huwa na nguvu ya kujadiliana na watengenezaji. Mteja, kwa upande wake, hupoteza uhuru wa kuchagua: hupata aina mbili za mchele badala ya ishirini, na huuziwa mfuko mzima au hauziwi kabisa.

Hesabu ya kwanza: ada peke yake

Kujua kiasi kinachopaswa kununuliwa ili ada irudi hakuhitaji utaalamu. Ada hugawanywa kwa kiwango cha punguzo. Ikiwa bidhaa za ghalani ni nafuu kwa asilimia 10, basi ada ya dola 65 hurudi baada ya mteja kuchukua vitu ambavyo kwingineko vingemgharimu dola 650 kwa mwaka, yaani takribani dola 54 kwa mwezi. Nafuu ikiwa asilimia 15, dola 433 kwa mwaka zatosha, sawa na dola 36 kwa mwezi.

Kwa hesabu hiyo pekee, karibu kila kaya ingefaa kujiunga. Lakini ada si gharama yote.

Hesabu ya pili: njia, jokofu na macho

Gharama ya kwanza iliyofichika ni safari. Maghala haya mara nyingi hujengwa pembezoni mwa miji, karibu na barabara kuu. Tuseme mtu huendesha maili 20, yaani kilomita 32, kwenda na kurudi, mara mbili kwa mwezi. Gari linalokwenda maili 25 kwa galoni, petroli ikiwa dola 3 kwa galoni, litatumia takribani dola 58 kwa mwaka. Hiyo ni kama ada ya pili, na bado matairi na matengenezo hayajahesabiwa. Asiye na gari hukumbana na tatizo zaidi, kwa sababu mfuko wa mchele wa kilo 20 haupandishwi basi kwa urahisi, na nauli ya teksi yaweza kumeza akiba ya mwezi mzima.

Ya pili ni uharibifu. Punguzo la asilimia 15 kwenye mboga hufutika mara sehemu ya saba ya mboga hizo inapoozea katika jokofu. Mchele, sukari, chumvi, sabuni na nepi hazina haraka. Maziwa, matunda, mkate na saladi zina tarehe zake. Mwenye friza kubwa huweza kununua kuku kumi na kuwagawa. Anayeishi katika chumba kimoja chenye jokofu dogo hana uwezo huo.

Ya tatu, na pengine nzito kuliko zote, ni vishawishi. Kuku wa kuokwa wa Costco ameuzwa kwa dola 4.99 tangu mwaka 2009, na kwa kawaida huwekwa nyuma kabisa ya ghala. Anayemfuata hupita kwanza mbele ya runinga, viatu, mahema na magodoro. Aliyeingia kutafuta mchele na mafuta hutoka na blanketi ambalo hakuwa amelifikiria asubuhi, na kwa kuwa lilikuwa na punguzo, huliita akiba.

Kaya mbili, majibu mawili

Chukua mfano wa familia ya watu sita. Kila mwezi hutumia dola 300 katika duka la kawaida kwa vitu vinavyopatikana pia ghalani: mchele, mafuta, sukari, mayai, kuku, nepi na sabuni. Kwa nafuu ya asilimia 15, vitu hivyo vitagharimu dola 255. Akiba ni dola 45 kwa mwezi, au 540 kwa mwaka. Ukiondoa ada ya dola 65 na petroli ya dola 58, hubaki dola 417. Hiyo ni faida ya kweli.

Sasa familia hiyohiyo iongeze, kila mwezi, dola 30 za vitu ambavyo haikukusudia kununua. Hizo ni dola 360 kwa mwaka, na akiba hushuka hadi dola 57. Ikitupa pia chakula cha dola 5 kila mwezi, hupungua dola 60 nyingine. Mwisho wa mwaka, kaya iliyopaswa kubaki na zaidi ya dola 400 imepata hasara ya dola 3. Ada, ghala na bei havikubadilika. Kilichobadilika ni mwenendo wa mnunuzi.

Kaya ya pili ni ya mtu mmoja anayetumia dola 60 kwa mwezi kwa bidhaa hizo. Nafuu ya asilimia 15 humpa dola 9 kwa mwezi, au 108 kwa mwaka. Ada na petroli ni dola 123. Amepoteza dola 15 hata kabla ya kishawishi cha kwanza. Lakini ghala likiwa njiani anapotoka kazini, petroli huondoka katika hesabu, naye hubaki na dola 43.

Daraja la juu na petroli

Wauzaji wa kadi huwahimiza wateja kuchukua daraja la juu, ambalo kwa Costco hurudisha asilimia 2 ya manunuzi yanayostahiki. Ada yake huzidi ile ya kawaida kwa dola 65, hivyo mteja anahitaji kununua bidhaa za dola 3,250 kwa mwaka, takribani dola 271 kwa mwezi, ili kufidia tofauti hiyo tu. Familia ya watu sita iliyotajwa hutumia dola 255 kwa mwezi na hurudishiwa takribani dola 61. Haijafika, ingawa i karibu.

Petroli yaweza kugeuza jibu. Maghala mengi yana vituo vyake, na bei huwa chini ya vituo jirani. Anayejaza galoni 10 kila wiki kwa nafuu ya senti 20 huokoa dola 104 kwa mwaka, kiasi kinachozidi ada ya kawaida. Sharti ni kwamba kituo kiwe karibu, na mteja awe na subira ya kungoja katika foleni.

Yanayopatikana bila kadi

Si kila huduma hudai uanachama. Nchini Marekani, duka la dawa la Costco huwahudumia hata wasio wanachama wenye karatasi ya daktari. Mwanachama huruhusiwa pia kuingia na wageni wawili, ingawa yeye ndiye anayelipa. Upande mwingine, kadi haimalizi safari zote za sokoni. Anayetafuta unga wa ugali, kisamvu, ndizi za kupika au nyama ya halali mara nyingi bado atahitaji duka la Waafrika au la Waarabu mtaani kwake, na manunuzi hayo hayafai kuhesabiwa kana kwamba yatahamia ghalani.

Jinsi ya kuamua

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Njia ya hakika ni kutunza risiti za mwezi mmoja, kisha kuingia ghalani kama mgeni wa jirani mwenye kadi na kulinganisha bei ya kila kilo au lita, si bei ya mfuko. Vitu vichukuliwe kutoka kwenye risiti zile, si kutoka kwenye rafu, kwa maana rafu daima itakuwa na kitu cha kupendeza.

Aliyekwisha kujiunga na kuona hesabu haikai sawa hajafungwa. Costco hueleza kwamba humrudishia mwanachama asiyeridhika ada yake yote. Wengi hawafiki huko: zaidi ya asilimia 90 ya wanachama wa Costco nchini Marekani na Kanada hufanya upya kadi zao. Siku ya kufanya upya ndiyo siku ya kufungua daftari tena, maana watoto wamekua, kazi imehama, au nepi hazihitajiki tena, na kadi iliyolipa mwaka jana yaweza isilipe mwaka huu.