Asali ya Katavi: tathmini ya mavuno mapya

Asali ya Katavi ni asali ya misitu ya miombo ya Mkoa wa Katavi, magharibi mwa Tanzania, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012 na ambao makao yake makuu ni Mpanda. Inajulikana zaidi Inyonga, wilayani Mlele, ambako mizinga ya magome na ya magogo bado hutundikwa mitini. Mara nyingi mavuno ya nyakati na misitu mbalimbali huchanganywa na kuuzwa kama kitu kimoja. Hapo ndipo thamani inapopotea, kwa maana kila mavuno mapya yanastahili kupimwa peke yake. Mfano ni Wafaransa, ambao huuonja mvinyo mpya wa Bordeaux ungali kwenye mapipa, miezi michache baada ya zabibu kuvunwa, kisha mwaka wa mavuno huandikwa kwenye chupa.

Ushahidi wa kwanza ni miti yenyewe. Mitundu huchanua kuelekea mvua za Novemba, ilhali miva huchanua baadaye, mvua zikiwa zimekolea. Kwa hiyo asali ya mwanzo wa kiangazi na ile ya mwisho wa mwaka hutokana na mbochi wa maua tofauti, na hutofautiana kwa rangi, harufu na ladha. Ushahidi wa pili ni maji. Kiwango cha kimataifa cha Codex kinataka maji yasizidi asilimia 20. Masega yakikatwa kabla nyuki hawajayaziba kwa nta, asali huwa na maji mengi na huweza kuchacha. Kasoro hiyo hugunduliwa kwa refraktomita, wala si kwa kuwasha njiti ya kiberiti iliyochovywa kwenye asali. Kuganda nako si dalili ya udanganyifu, kwani asali halisi yenye glukosi nyingi huganda.

Wapo watakaosema kwamba asali iliyokidhi viwango haihitaji tathmini zaidi. Lakini viwango huikataa asali mbovu tu. Haviitofautishi asali nzuri na iliyo bora, wala haviielezi ladha yake. Wengine watasema asali si mvinyo, na ni kweli: haiboreki kwa kukaa. Joto na muda huongeza kemikali ya HMF, ambayo Codex huiruhusu hadi miligramu 80 kwa kilo katika asali ya nchi za joto. Hiyo ni sababu zaidi ya kuandika tarehe ya mavuno. Hoja nzito zaidi ni kwamba mfugaji mdogo wa nyuki hana ndoo za kutosha kutenga mavuno, na mnunuzi hutaka shehena kubwa. Hata hivyo, kuandika mwezi na msitu kwenye ndoo hakuhitaji mtambo, na ndoo moja ya asali mbichi, yenye maji mengi, huweza kuiharibu shehena nzima. Vikundi vya wafugaji vianze na lebo hiyo, kisha vipime maji na kuonja kila ndoo kabla ya kuchanganya.