Swali la Mwanafunzi Juu ya Barafu

Wazee walisema, Kuuliza si ujinga. Walakini darasani anayeuliza huchekwa mara nyingi. Twapenda kuwakumbusha waalimu na wazazi jambo lililotokea Tanganyika mwaka 1963, lipate kutuonyesha jinsi fikira za kijana zinavyokuzwa, na jinsi zinavyozimwa.

Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa shule ya Magamba. Wanafunzi walizoea kutengeneza aiskrimu: huchemsha maziwa, huyatia sukari, huyaacha yapoe, ndipo huyaweka katika jokofu. Siku moja nafasi ilikuwa haba. Mpemba, asije akaikosa, akayaweka maziwa yake yangali moto. Baada ya saa moja u nusu yalikuwa yameganda, na ya mwenziwe, yasiyochemshwa, hayajaganda bado. Akamwuliza mwalimu, akajibiwa ya kuwa amechanganyikiwa. Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, akauliza tena. Ikasemwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba tu, na neno hilo likawa mzaha wa darasa.

Hata hivyo alijaribu mwenyewe kwa vyombo viwili vya maji. Kisha Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipowatembelea, akamwuliza mbele ya wote. Wenziwe wakacheka. Mgeni yule alidhani kijana amekosea, lakini hakumtahayarisha. Alimwuliza kama amejaribu kweli, akakiri kwamba hajui sababu, akaahidi kulipima jambo lile. Akatimiza ahadi, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha habari zake pamoja.

Wataalamu hawajapatana hata leo: mwaka 2016 wachunguzi Burridge na Linden walisema hawakuona ushahidi wa kutosha. Basi sifa ya Osborne si kwamba alimsadiki mwanafunzi, bali kwamba aliacha maji yenyewe yatoe jibu.

Nasi twaweza kufanya vivyo hivyo pasipo jokofu. Mwalimu atwae sufuria mbili zilizo sawa, azitie maji ya moto kwa kipimo kimoja, moja aifunike na nyingine aiache wazi. Kwanza kila mtoto akisie ipi itapoa upesi, aseme na sababu yake. Kisha wapime, waandike, warudie siku ya pili. Na kila mara wabadili kitu kimoja tu, wapate kujua kipi kilicholeta tofauti. Aliyekisia vibaya asichekwe, bali aulizwe: Sasa waonaje? Hapo ndipo mtoto huanza kufikiri, wala si kukariri tu.