Kuuza Viti, Kufungua Milango: Kazi ya Masoko ya Maigizo Jijini New York

Kiti cha ukumbi wa maigizo ni bidhaa isiyowekeka. Pazia likishafunguliwa, kiti kisicho na mtu hakina tena thamani yoyote usiku huo, sawa na samaki aliyefikiwa na giza sokoni bila mnunuzi, ilhali waigizaji, wapiga muziki na mafundi wa taa wanadai ujira wao uleule. Tatizo hilo ndilo lililozaa kazi ya kutafutia maigizo soko. Baadaye lilisaidia kuzaa kazi nyingine: kuwafikisha ukumbini watu ambao bei, ulemavu au ubaguzi uliwaacha nje. Jijini New York historia za kazi hizi mbili zimefungamana, na aliyeijua moja bila nyingine aliijua nusu tu.

Mwanzoni mwa karne ya 20 mtu wa kazi hii alikuwa wakala wa habari. Alizunguka magazetini kuwashawishi wahariri waandike juu ya mchezo wake, na akahakikisha mabango ya kadibodi ya inchi 14 kwa 22 yamewekwa kwenye madirisha ya maduka na migahawa. Mwaka 1928 mawakala hao na mameneja wa kumbi waliunda chama chao cha wafanyakazi, ATPAM. Kazi ilikuwa imetambulika. Hata hivyo, jitihada zake ziliwaelekea zaidi watu waliokwisha kuzoea kwenda ukumbini.

Mdororo mkuu wa uchumi ulibadili mambo. Mwaka 1935 serikali ya Marekani ilianzisha Federal Theatre Project chini ya Hallie Flanagan, ili kuwaajiri wasanii waliokosa kazi. Maonyesho mengi yalikuwa ya bure au ya kiingilio kidogo. Katika Lafayette Theatre mtaani Harlem, mwaka 1936, kikundi cha waigizaji Weusi kiliigiza *Macbeth* chini ya uongozi wa Orson Welles, kijana wa miaka 20, na usiku wa kwanza umati ulifurika hadi barabarani. Bunge liliufunga mradi huo mwaka 1939, lakini jibu lilikuwa limepatikana: watu walioitwa “wasiopenda maigizo” hawakuwa wameyakataa, walikuwa hawajaalikwa.

Joseph Papp alilichukua jibu hilo kwa uzito wote. Kuanzia mwaka 1954 alijenga kikundi cha kuigiza Shakespeare, na muda si mrefu akawa anakiigizisha bure katika bustani za jiji. Mwaka 1959 Robert Moses, mkuu wa bustani za New York aliyekuwa na nguvu kubwa, alimtaka atoze kiingilio ili kulipia nyasi zilizokanyagwa. Papp alikataa, akaenda mahakamani, akashinda katika rufaa. Mwaka 1962 jukwaa la wazi la Delacorte lilifunguliwa ndani ya Central Park, na viti vyake vinavyokaribia 1,800 vikatolewa bure. Ushindi huo unastahili kukumbukwa kuliko mabango yote ya Broadway, eneo la kumbi za kibiashara jijini: sanaa ilipata nafasi kama huduma ya umma, sawa na maktaba.

Chicago kulikuwa na shule nyingine ya mawazo. Danny Newman, wakala wa habari wa Lyric Opera tangu mwaka 1954, aliamini kwamba mnunuzi wa tiketi moja moja hategemeki. Alitaka watu walipie msimu mzima kabla haujaanza. Kuanzia mwaka 1961 wakfu wa Ford Foundation ulimtuma huku na huko kuzifundisha taasisi njia hiyo, na mwaka 1977 kikatoka kitabu chake, *Subscribe Now!*. Njia hiyo iliziokoa kumbi nyingi, kwa kuwa fedha zilipatikana mapema na uongozi ukaweza kupanga mbele. Upungufu wake ulikuwa mkubwa pia: anayeweza kulipia msimu mzima kwa mkupuo mara nyingi si maskini, na ukumbi uliojaa watu wa aina hiyo hauoni haraka ya kuwatafuta wengine.

Miaka ya 1970 Broadway ilikuwa taabani. Mtaa wa Times Square uliogopwa na viti vilibaki wazi. Tangazo la televisheni la mchezo wa muziki *Pippin*, uliofunguliwa mwaka 1972, liliwaonyesha wachezaji wenyewe wakicheza dansi, nalo likasaidia mchezo huo kudumu hadi mwaka 1977. Njia ya pili ya kujaza viti ilikuwa ya kina zaidi. Shirika la TDF, lililoundwa mwaka 1968, lilinunua tiketi za michezo mizuri iliyokosa watazamaji na kuziuza kwa bei ndogo. Tarehe 25 Juni 1973 lilifungua kibanda cha TKTS katika uwanja wa Duffy, ambapo tiketi za siku ileile ziliuzwa kwa nusu bei. Ustadi wake ulikuwa katika masharti. Mnunuzi alipanga foleni bila kujua tiketi zipi zitakuwapo, kwa hiyo mwenye fedha na asiyetaka kubahatisha aliendelea kulipa bei kamili, na aliyekuwa na muda kuliko fedha akapata kiti.

Bei, hata hivyo, si kizuizi pekee. Mwaka 1979 TDF ilianzisha mpango wa kuwahudumia watazamaji wenye ulemavu, na mwaka uliofuata *The Elephant Man* ikatafsiriwa kwa lugha ya alama kwenye Broadway. Mwaka 1981, katika Arena Stage jijini Washington, Margaret Pfanstiehl, ambaye mwenyewe alikuwa na uoni hafifu, pamoja na Cody, aliyekuja kuwa mumewe, walianza kuwaeleza wasioona kupitia vipokea sauti yale yanayotendeka jukwaani, maelezo yakiingizwa pale waigizaji wanaponyamaza. Sheria ya haki za watu wenye ulemavu ya mwaka 1990 iliyapa mambo haya nguvu. Oktoba 2011 *The Lion King* ikawa na onyesho la Broadway kwa familia zenye watoto wenye usonji: sauti kali zilipunguzwa, na sehemu tulivu zikatengwa nje ya ukumbi. Maonyesho kama hayo yanamhitaji sana mtu wa masoko, kwa maana mkalimani wa lugha ya alama hana faida ikiwa viziwi hawana habari.

Aliyeziunganisha kazi hizi kwa uwazi zaidi ni Donna Walker-Kuhne. Alisomea sheria, akafanya kazi Dance Theatre of Harlem, kisha katika miaka ya 1990 akaongoza masoko ya Public Theater, taasisi aliyoianzisha Papp. Hakuanza na matangazo. Alianza na makanisa, vyama na viongozi wa mitaa, akajenga uhusiano kabla ya kuuza tiketi, kama alivyoeleza katika *Invitation to the Party* (2005). Njia hii ni ya polepole na matokeo yake hayaonekani wiki ya kwanza, lakini hujenga hadhira ambayo punguzo la bei peke yake haliwezi kuijenga.

Upande wa biashara nao ulijifunza. Mwaka 1996 *Rent* iliuza viti vya mbele kwa dola 20 ili vijana wasikosekane, na foleni ilipokuwa ndefu mno ikageuzwa bahati nasibu. Mwaka 2001 *The Producers* ikaenda upande wa pili, ikauza viti bora kwa dola 480. Tangu hapo ofisi za masoko zimeishi na bei hizo mbili kwa pamoja. *Hamilton*, iliyopanda bei kuliko karibu michezo yote, ilishirikiana mwaka 2016 na wakfu wa Rockefeller Foundation kuwapatia wanafunzi 20,000 wa New York tiketi za dola 10. Wanafunzi walisoma kwanza darasani historia inayosimuliwa katika mchezo huo, na baadhi yao wakapanda jukwaani kuonyesha kazi zao wenyewe kabla ya onyesho kuanza.